Retsina iachwe, au ndiyo Ugiriki yenyewe?

Wakuu, naomba tujadili hili maana limenikaa rohoni. Wapenzi wengi wa mvinyo wanasema Ugiriki ilifufuka siku ilipoikimbia retsina, ule mvinyo mweupe wenye utomvu wa msonobari. Eti dunia ilianza kuwaheshimu Wagiriki ilipoonja mvinyo wa zabibu kama Assyrtiko ya kisiwa cha Santorini na Xinomavro ya mji wa Naoussa, na retsina wabaki nayo watalii.

Mimi nakataa.

Kuchafuliwa ilichafuliwa, hilo sibishi. Watalii walipofurika miaka ya 1960 na 1970, kuna waliomimina utomvu kuficha mvinyo mbovu, na mgeni akarudi kwao akisema amenyweshwa tapentaini. Lakini hilo ni kosa la mtengenezaji. Zamani mitungi ya udongo ilizibwa kwa utomvu hewa isiingie. Mvinyo ukashika harufu, watu wakaizoea, na mapipa yalipokuja hawakukubali kuiacha. Siku hizi utomvu hutiwa kidogo kwenye maji ya zabibu yanapochachuka, kisha huondolewa. Kule mji wa Thessaloniki, mtengenezaji Kechris anatengeneza mojawapo ya retsina zake kwa Assyrtiko na kuichachusha kwenye mapipa ya mwaloni.

Nimewahi kunywa retsina nzuri, baridi, na samaki wadogo wa kukaanga, wa saizi ya dagaa, waliokamuliwa limau. Pua inapata msonobari na kitu kama majani ya rosemari, ulimi unasafika mafuta, mkono unarudi kwenye sahani wenyewe. Sijaona mvinyo mwingine unaofanya hivyo.

Halafu tazameni Malagousia. Zabibu hiyo ilibaki kidogo ipotee. Profesa Vassilis Logothetis akaiokoa, mtengeneza mvinyo Vangelis Gerovassiliou akaifanyia kazi kwenye shamba la mizabibu la Porto Carras miaka ya 1970, na leo wote wanaisifu. Kwa nini cha kale kinachookolewa kiwe zabibu tu, kisiwe na namna ya kutengeneza?

Kinachoniuma zaidi ni Attica, eneo linaloizunguka Athens. Retsina ya huko hutoka kwa Savatiano, zabibu inayostahimili ukame kuliko nyingi. Mizabibu mingine ni mizee, na Athens inazidi kuimega ardhi yake kwa nyumba na barabara. Najua wapo wanaotengeneza Savatiano isiyo na utomvu, na ni nzuri, ila ni wachache.

Kwa hiyo mnaosema iachwe, nijibuni: retsina ikifa, mkulima wa Attica atamuuzia nani zabibu zake asiishie kumuuzia mjenzi shamba?