Naomba ushauri: New York au Austin kwa tasnifu yangu?

Wakuu, heshima kwenu. Nasoma shahada ya uzamili ya masoko, na msimamizi amenirudishia pendekezo la utafiti kwa mara ya pili. Nilitaka kuandika jinsi miji ya Marekani inavyojitangaza. Pembeni kaweka wino mwekundu: "Chagua mji mmoja."

New York ina kisa kitamu. Mwaka 1975 ilikaribia kufilisika, na vyama vya polisi, vikipinga watu kupunguzwa kazini, vikachapisha kijitabu chenye picha ya fuvu kuwatisha wageni. Muda si mrefu ikaja nembo ya I♥NY ("Naipenda New York") ya mbunifu Milton Glaser, aliyoichora kwa krayoni nyekundu juu ya bahasha akiwa ndani ya teksi, tena bure. (Kumbe ilikuwa kampeni ya jimbo, si ya jiji! Mimi nilijua jana tu.) Shida ni kwamba imeshaandikwa mno.

Austin, Texas, nako, kaulimbiu ya "Keep Austin Weird", yaani Austin ibaki na vituko vyake, ilianza mwaka 2000 na msikilizaji aliyepiga simu redioni, haikutoka ofisini kwa mtu. Wenye maduka madogo wakaidaka, kisha mji wa Portland ukaiga.

Moyo uko Austin, ila naogopa kukosa marejeo. Aliyewahi kufanya utafiti wa namna hii: naweza kuchambua matangazo na magazeti ya zamani tu bila kuhoji wakazi, au nitarudishwa tena? Mwisho wa kuwasilisha ni Ijumaa.