Kutazama picha kwa jicho moja na kuamuru mwembe wangu ukatwe: huyu leo simnyamazii

Wanajukwaa, heshima zenu. Jina simtaji, kwa kuwa hakuna asiyemjua: ndiye yule ambaye ukimletea jani lenye vumbi hukutangazia msiba, na ukimwonyesha kivuli cha mti hukiandikia dawa. Nimeuliza kwa adabu ni kitu gani kimebambua gome la mwembe wangu mchanga, naye akanijibu mbele ya kadamnasi: “Hata mtoto anaona hiyo ni kuvu. Kata, choma, panda mwingine.” Kisha akaweka kibonzo cha kicheko.

Kata, choma! Jeraha lenyewe liko chini kabisa, juu kidogo ya udongo. Mbao imeachwa nyeupe na safi, na juu yake imepita mifereji myembamba, miwili miwili, kama iliyochorwa kwa ncha za uma. Kuvu imeota meno tangu lini? Gome lililoshikwa na ugonjwa hudidimia, hugeuka kahawia hadi ndani, hupasuka kingoni na mara nyingi hutoa utomvu. Halilali zima likaamka limemenywa. Mifereji ile ni ya meno ya mbele ya mnyama mwenye kuguguna, na kwa wembamba wake namshuku panya, kwa sababu nungunungu angeacha alama pana zaidi, na mbuzi, ambaye hana meno ya mbele katika taya la juu, angelichana gome na kuacha nyuzi zikining'inia. Bwana mkubwa hakuuliza kimo cha jeraha, hakuuliza kama kuna kinyesi karibu, hakuuliza lolote. Kata, choma, na kicheko juu yake!

Kisiki: Mleta uzi, punguza jazba. Picha hiyo niliiona. Robo tatu yake ilikuwa kidole gumba chako, na mimi nilidhani kidole ndicho chenye kuvu.

Mama Miche: Wewe una nafuu. Mimi aliniapia kwamba matundu ya duara kwenye shina ni kazi ya kigong'ota, nikatundika vitambaa vya kumtisha ndege hadi mti ukafanana na kamba ya kuanikia nguo, wakati unga wa mbao ulikuwa unamwagika kutoka kwenye matundu hayo hayo na bungua wanajilia ndani kwa raha zao.

Babu Shina: Kabla hamjamalizana, je, umelizunguka shina lote? Gome likiliwa duara zima, chakula kinachotengenezwa na majani hakishuki tena mizizini, na mti hufa taratibu huku majani yakiendelea kuwa ya kijani kwa muda mrefu, yakiwadanganya wenye mti. Ukibaki ukanda mzima wa kutosha, mti unaweza kupona.

Mleta uzi: Nimelizunguka, Babu, na zaidi ya nusu ya gome ipo, asante. Lakini jamani, kile kicheko hamkukiona?

Kisiki: Tumekiona. Kilikuwa kizuri.

Jembe Butu: Nyinyi mnalilia panya, ilhali mimi adui yangu analipwa. Kijana wa kufyeka nyasi kwa mashine amechubua kila mche kwa kimo kile kile, usawa wa kifundo cha mguu, halafu ananiuliza kama nimewahi kufikiria kuwa ni wadudu.

Mama Miche: Mashine angalau unaisikia ikija. Mimi jirani amefunga mbuzi kwenye mchungwa wangu, na kamba imesugua gome pande zote mpaka limekuwa laini.

Jembe Butu: Kamba ndefu kiasi gani?

Mama Miche: Ya kumfikisha kwenye mchungwa wa pili, ambao ameshauchuna gome kuanzia magotini kwenda juu. Nimemwita mwenye mbuzi aje aone, naye ameshikilia kwamba mbuzi wake hali magome.

Kisiki: Basi ameuguguna mwenyewe.