Anko ananiuzia Chevrolet Cruze, ni kweli gari za Mmarekani hazidumu?

WanjaKeki, Kahawa West

Hamjambo wadau, naomba mnisaidie haraka kidogo juu anko anataka jibu kabla ya wikendi. Mimi kazi yangu ni kuoka keki, saa hii nazipeleka kwa wateja na teksi na hiyo pesa ya teksi inanimaliza, juzi keki ya harusi kutoka huku mpaka Karen nauli ilikula karibu faida yote. Sasa anko wangu, ndugu mdogo wa mamangu, amestaafu anarudi Murang'a na anauza Cruze yake, 1.8 automatiki ya 2012, aliinunua mpya hapa hapa Nairobi, imetembea kilomita 131,000 na hakuna mtu mwingine amewahi kuiendesha. Ameniambia 450,000 na nilipe polepole. Toyota Fielder yenye niliona yadi ya Ngong Road ilikuwa inaitishwa zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Shida ni kila mtu nimeuliza ananiambia nitoroke. Fundi wa mtaani hakuifungua hata boneti, alisikia tu Chevrolet akatingisha kichwa. Mwingine akasema General Motors (GM), wenye wanaunda Chevrolet, ni kampuni yenye historia mbaya ya kuuzia watu gari bovu huko Marekani. Lakini anko mwenyewe amefanya kazi kile kiwanda cha GM cha Mombasa Road miaka mingi, alikuwa anaunganisha malori, na ukimwambia gari ya GM ni mbovu anaumia kabisa usoni. Huyu ndiye alinilipia karo ya sekondari, siwezi kumwambia tu eti watu wamesema gari yako ni takataka. Nataka kujua ukweli ni upi. Kampuni yenyewe ina shida gani, na hii Cruze itanisumbua ama nitaoka keki zangu kwa amani?

FundiKarioLight

Wanja pole na hiyo presha. Mimi niko Kariobangi, hizi Cruze nimefungua nyingi kwa hivyo wacha nikuambie venye naziona kwa mikono.

Kwanza shukuru ni 1.8. Ile enye Wamarekani wanaililia sana ni 1.4 ya tabo, hiyo pampu ya maji ilikuwa inaleki mpaka GM wenyewe wakaongeza warranty ya hiyo pampu, halafu kava ya vavu iko na kipande cha mpira ndani kinapasuka gari inaanza kupiga mluzi na taa ya enjini inawaka. Yako si hiyo. Yako enjini ni moja na ile iko kwa Opel Astra, enye Uingereza inaitwa Vauxhall Astra, na hii kitu iweke kwa kichwa juu itakuokolea pesa: ukienda kutafuta spea usiseme Chevrolet pekee, sema Vauxhall Astra 1.8, mtu anakuletea kutoka Uingereza. Pia kuna Cruze nyingine ndogo ya zamani iliundwa na Suzuki kule Japani, jina ni moja lakini hakuna kitu inafanana na yako, usikubali mtu akuuzie vitu vyake.

Magonjwa yake yanajulikana. Nyumba ya themostati ni plastiki, ikizeeka inapasuka inamwaga maji, na hapo ndio watu wanachemsha gari kwa jam ya Thika Road halafu wanasema Mmarekani ni mbaya. Halafu kuna sili za kipoza oili, ziko nyuma huko chini ya manifodi ya egzosi mahali moto ni mwingi, zinakauka oili inaanza kushuka polepole na fundi asiyejua anakufungulia kitu kingine kabisa. Kitu ya kuogopa hapo ni mshipi wa taimingi. Hii enjini inatumia mshipi si cheni, na ukikatika vavu zinagonga pistoni, hapo umeua hedi, yaani kichwa cha enjini. Kitabu kinakupa muda mrefu lakini mimi na hii vumbi yetu naitoa kwa 100,000. Uliza anko kama imewahi kubadilishwa na akuonyeshe risiti. Giaboksi nayo haina stiki ya kupima oili, kwa hivyo watu wengi hawajawahi kugusa hiyo oili tangu gari itoke dukani, ikianza kupiga teke ukibadilisha gia usinunue.

Na maji ya mfereji kwa rejeta hapana. Weka kulanti.

Otis_Donholm

Fundi anaongea poa lakini Wanja mimi nakuambia kama mtu amechomeka, usinunue. Niko na gari ya saluni ya Kimarekani, si Chevrolet, na sitaki kutaja kampuni juu sitafuti kesi na mtu. Gari yenyewe ukiiendesha ni tamu sana, nzito barabarani, viti vizuri, nikienda Nakuru nayo sichoki. Lakini mwaka jana ikaharibika sensa moja tu, sensa ya kutoshea kwa kiganja, nikazunguka Kirinyaga Road yote, duka moja wakaniuzia kitu imefungwa kwa karatasi mpya kabisa, fundi akaweka, siku tatu taa ikarudi, kufungua tukapata ni ya zamani imesuguliwa na kupakwa rangi. Nikarudi wakasema spea za umeme hazirudishwi. Nikaagiza nje, gari ikakaa wiki 6 imeegeshwa na mimi napanda matatu na watoto wawili wa shule, mmoja ako na pumu na asubuhi ni baridi. Hiyo ndiyo kutegemewa tunaongea, si kama enjini ni nzuri. Toyota Probox ikiharibika usiku wa saa nne pale Mutindwa utapata mtu na spea. Wewe uko na keki ya mtu ya harusi ndani ya buti, hawawezi kuahirisha harusi juu yako.

MzeeEnterpriseRoad

Binti yangu Wanja, nimesoma yote na nimeona niandike kidogo kwa sababu nimefanya kazi Industrial Area miaka zaidi ya 30, si kwa kiwanda cha ankoli wako lakini majirani, na historia ya hii kampuni nimeifuata tangu nikiwa kijana. Uliuliza kampuni ina shida gani. Nitakujibu hilo.

GM ilianzishwa 1908 pale Flint, Michigan, na mtu anaitwa William Durant. Yeye kipaji chake kilikuwa kununua kampuni, Buick, Oldsmobile, Cadillac, akanunua mpaka wenye benki wakamfukuza 1910. Akaenda akaungana na dereva wa mashindano aliyezaliwa Uswisi, Louis Chevrolet, wakaanzisha Chevrolet 1911, na kwa nguvu ya Chevrolet akarudi akaishika GM tena, halafu 1920 akafukuzwa mara ya pili. Aliyeijenga hasa ni Alfred Sloan, aliyesema kila mfuko upate gari yake, maskini Chevrolet tajiri Cadillac. Ikaipita Ford ikawa kampuni kubwa zaidi ya magari duniani kutoka 1931 mpaka 2007. Miaka 77. Mimi naona ugonjwa ulianzia hapo hapo kwenye huo ukubwa, kwa sababu mtu asiye na wa kumshinda husahau kusikiliza mteja.

Angalia Vega ya 1971. Waliweka enjini ya alumini bila kuweka silinda za chuma ndani, ikawa ikichemka kidogo inaharibika, inakunywa oili, na bodi inaliwa na kutu ikiwa bado changa. Angalia Oldsmobile ya dizeli ya 1978. Dizeli ina mgandamizo mkubwa kuliko petroli, kila fundi anajua, lakini boliti za kushika hedi wakaacha mpangilio uleule wa enjini ya petroli, na hawakuweka chujio la kutenganisha maji na mafuta. Hedi zikawa zinanyanyuka, gasketi zinakwenda, na Wamarekani wakachukia gari la dizeli kwa miaka mingi baadaye. Huwezi kusema wahandisi wa kampuni kubwa hivyo hawakujua. Walikuwa wanaokoa gharama.

Na mbaya kuliko zote ni ile ya swichi ya kuwashia. Swichi ilikuwa laini mno, ukigonga shimo ama goti liguse funguo nzito, funguo inarudi nyuma yenyewe, gari inazima ikiwa mbio, usukani unakuwa mgumu, na eabegi hazifunguki kwa sababu gari inadhani imeegeshwa. Ndani ya kampuni watu walijua kwa miaka zaidi ya 10. Kuirekebisha ilikuwa chini ya dola moja kwa gari. Walikuja kuita gari milioni 2.6 zirudi 2014, na mfuko wa fidia ukakubali vifo 124. Mwaka uliofuata wakalipa serikali dola milioni 900. Kila nikifikiria hiyo senti chache na hao watoto, maana wengi walikuwa vijana na magari yao ya kwanza, roho inaniuma.

Lakini sasa sikia upande wa ankoli wako, maana anaumia kwa haki. GM walikuwa na kiwanda Fremont, California, kilichosemwa kina wafanyakazi wabaya kuliko wote, siku nyingine mtu 1 kati ya 5 hayuko kazini, gari zinatoka na makosa na laini ya kuunganisha haisimami. Kikafungwa 1982. Toyota wakaja wakakifungua pamoja na GM 1984, na wakaajiri wengi wa wafanyakazi walewale, chama kilekile cha wafanyakazi. Kitu kilichobadilika ni kwamba mfanyakazi alipewa kamba juu ya kichwa chake, akiona kosa anaivuta, kiongozi anakuja wanalimaliza hapo hapo, na likikawia laini nzima inasimama. Gari zikaanza kutoka karibu sawa na za Japani. Mikono ileile! Kwa hivyo mtu asikuambie Mmarekani hajui kuunda gari, wala asimwambie ankoli wako kwamba mikono yake ilikuwa na kasoro. Malori yaliyotoka Mombasa Road yakiwa na maneno General Motors kwenye karatasi zake na Isuzu kwenye uso, mengi bado yanapanda Kinungi na mzigo leo.

Na hiyo Cruze asili yake kubwa ni Korea. GM ilinunua sehemu kubwa ya Daewoo iliyofilisika, 2002, na magari mengi madogo ya Chevrolet yaliyouzwa hapa kwetu, Spark, Aveo, Optra, yalitoka huko.

Otis amegusa jambo ambalo mimi naliogopa zaidi ya enjini. GM wenyewe walifilisika Juni 2009, serikali yao ikawaokoa kwa karibu dola bilioni 50, na baada ya hapo wakaanza kufunga biashara nchi nyingi, nyingi zikiwa za usukani wa kulia. Ulaya waliondoa Chevrolet mwisho wa 2015. Mwaka 2017 pekee, wakauza hisa zao 57.7% hapa Nairobi kwa Isuzu, wakaacha kuuza India, wakatoka Afrika Kusini, wakauza Opel na Vauxhall. Thailand, na Holden, jina lao la Australia, wakafunga 2020. Sisi huku sheria haituruhusu kuagiza usukani wa kushoto wala gari la zaidi ya miaka 8, kwa hivyo hata mtumba wa Cruze hauingii tena, na mtumba usipoingia spea za kuchinjwa, zile zinazofunguliwa kwa gari kuukuu, haziingii. Kampuni iliyouza imeondoka na mteja ameachwa na gari. Hiyo ndiyo lawama yangu mimi kwao.

FundiKarioLight

Mzee heshima sana, hiyo ya boliti za hedi sikuwa najua. Na ni ukweli za kuchinjwa zimepungua, zamani nilikuwa napata mlango wa Cruze siku hiyo hiyo, saa hii vioo na taa ndio shida kubwa kuliko enjini. Wanja ukinunua usigongwe taa ya mbele. Otis pole bro, ile tabia ya kupaka sensa rangi iko, ukinunua kitu ya umeme nenda na fundi wako na muijaribu kwa gari kabla hujalipa.

WanjaKeki

Nimerudi. Asanteni sana, Mzee nilimsomea anko sehemu yako kwa simu, ile ya kamba alinyamaza kwa muda halafu akasema hata wao siku zao ukiona kosa kwa lori unaita mtu, haupitishi.

Jana tulienda na anko mpaka Kariobangi. Themostati ilibadilishwa 2021 na ile nyumba mpya. Sili za kipoza oili zimeanza kuloa, Fundi alinionyesha na tochi. Giaboksi haipigi teke. Mshipi wa taimingi haujawahi kubadilishwa tangu 2012, na hapo ndio anko alishtuka, alikuwa amesoma kitabu akaona bado kilomita na hakuona mahali kimeandika miaka. Yeye mwenyewe akasema gari haitoki kwake na huo mshipi, atalipa kit na pampu ya maji pamoja, mimi nilipe sili. Halafu bei akashukisha mpaka 420,000 bila mimi kuitisha.

Otis nimekusikia na si kidogo. Nimeamua keki za harusi za mbali nitaendelea kuweka pesa ya teksi kando mpaka nione hii gari imekaa miezi sita bila kunisimamisha, na nitaagiza themostati na sili za ziada nikae nazo nyumbani. Pole kwa mtoto na hiyo baridi.

Fundi, anko anauliza kama kit ya Astra ya kutoka Uingereza inakuja na ile roli ya kukaza mshipi ama ananunua kando, anataka kuagiza leo.

FundiKarioLight

Inakuja na roli zote mbili, pampu ndio anaangalia kama imo juu kit zingine hazina. Anitumie picha ya boksi kabla alipe. Na aandike nambari ya chesisi kwa oda, asiandike tu Cruze.