Mafundi wa miti, kukata kichwa cha mti SIO kupogoa! Nimechoka

Wakuu habari zenu, mods naomba msiufute huu uzi maana nimevurugwa vibaya mno. Nina mti mkubwa nyumbani, mzima kabisa, mkongwe kuliko nyumba yenyewe. Nikaita jamaa wanaojiita wataalamu, kazi yenyewe ndogo tu, toeni lile tawi lililokauka na yale yanayogusa paa, basi. Narudi jioni nakuta wamefyeka kichwa chote, limebaki shina na vigutu, jani hata la dawa hakuna, halafu mkubwa wao ananiambia kwa kujiamini "bosi tumeupunguzia uzito, utachipua vizuri sana". Vizuri kitu gani??

Kuchipua utachipua, kwa sababu uko taabani! Majani ndio yanautengenezea chakula, ukiyaondoa yote kwa mpigo mti unakula akiba yake kusukuma machipukizi fasta fasta, na hayo hayajajikita ndani ya mbao kama tawi la kawaida, yameshikilia juu juu tu kwenye kigutu ambacho chenyewe kinaanza kuoza. Baada ya miaka kadhaa yamenenepa, upepo ukija yanakushukia. Yaani uzito waliopunguza unarudi ukiwa hatari zaidi. Mti mkubwa hutoi zaidi ya robo ya majani kwa msimu mmoja, na ukiwa mzee unatoa pungufu ya hapo.

Nikaangalia na matawi ya pembeni, hapo ndio nikaishiwa nguvu. Pale tawi linapoungana na shina kuna kauvimbe kamelizunguka, unatakiwa ukate nje kidogo ya hako kauvimbe ili mti uweze kukifunika kidonda. Hawa wamesawazisha na shina utadhani wanapiga randa mlango. Tawi moja nene walilianza juu moja kwa moja, likakatika lenyewe kabla msumeno haujafika mwisho, likaondoka na gome mpaka chini huko. Mtu unashika msumeno hujui kwamba unaanza na mkato wa chini mbali kidogo na shina, halafu unakata juu kwa nje yake, tawi likishadondoka ndio unamalizia kapande kalikobaki? Mikato mitatu tu jamani.

Na vile vyuma vya miguuni vyenye miiba walivyopandia!! Hivyo ni vya mti unaoangushwa, sio mti unaobaki. Shina zima matundu matundu, fangasi wanajipitia tu. Nikamuuliza yule mkubwa wao, akanijibu eti usijali tutapaka rangi. Rangi! Alex Shigo wa Idara ya Misitu ya Marekani alipasua miti kibao akachunguza ndani, na toka miaka ya 1970 ameeleza kwamba kidonda cha mti hakiponi kama cha ngozi, mti unakizungushia ukuta kwa ndani halafu unaota mbao mpya juu yake, na rangi haizuii kuoza. Huyu fundi wa leo bado anatembea na kopo.

Sasa kilichonipandisha mori kabisa, juzi wamerudi kuniambia mti umekuwa hatari, niwape kazi ya kuuangusha. Walewale! Hawana kamba ya kushushia vipande, helmeti hakuna, na siku ile mmoja alikuwa anachezea simu chini ya tawi linalokatwa. Nikauliza bima wakabaki wanaangaliana. Ndio mchezo wao huo, wanakuharibia mti ili wakuuzie kazi ya pili.

Pesa iliyobaki sitoi, wametishia kuja na watu, waje.

Mwenye uzoefu anisaidie, nasikia unaacha machipukizi yaote kwanza, halafu unachagua machache yaliyoshika vizuri uyalee yawe matawi, mengine unayapunguza kidogo kidogo miaka inavyokwenda. Kuna aliyefanya kwa mti mkubwa hivi ukasimama? Na nyie wa "si mti tu utaota mwingine" piteni kimya kimya, leo sina hali ya kubishana.