Ushauri tafadhali: kuni zipi hazina moshi? Tunapiga kambi Elburgon mwezi wa nane

Mwalimu_Lanet · Jumapili, saa 2:10 usiku
Wadau, hamjambo. Naombeni msaada wa haraka. Wiki ya pili ya Agosti tunapiga kambi siku tatu juu ya Elburgon, kwenye shamba la mtu linalopakana na msitu. Baridi ya huko Agosti mnaijua, kuna asubuhi unaamka nyasi zimekuwa nyeupe. Mimi nimelelewa mjini, miti yote naona ni ileile. Nataka kujua kuni zipi zina joto jingi na moshi kidogo kabisa, na nitazitambuaje. Nimesikia mutamaiyo. Nimesikia pia mkaratusi. Moshi ndio unaonisumbua zaidi.

MkulimaMolo · saa 2:31
Mwalimu, karibu huku juu. Umesikia sawa kuhusu mutamaiyo, ndio mzeituni wa mwitu. Jani lake ni jembamba na gumu, juu kijani kilichokoza, ukiligeuza chini unaona kijivu chenye kung'aa. Shina la mti mzee limejipindapinda na lina mashimo. Ukuni wake ni mzito, kipande cha urefu wa mkono utadhani ni chuma, na makaa yake unayakuta mekundu alfajiri ukifukua jivu. Lakini usiukate! Unakua polepole mno na imebaki michache. Okota kilichoanguka tu, na kama utaingia msituni pitia kwanza kwa watu wa misitu. Hata kuokota kuni kavu kuna kibali na ada yake.

Ukikosa huo, tafuta muthanduku, ndio wattle. Huku umejaa, una majani madogo madogo kama manyoya, na hata usipokauka sana unashika. Mkaratusi ni mzuri ukikaa miezi juani, ila mbichi unalia motoni na kutoa povu nchani, na moshi wake utawatoa machozi. Saipresi na paini ni za kuwashia tu: utomvu wake unashika haraka, unarusha cheche, na sufuria inatoka nyeusi ti. Mianzi msiitupe motoni ikiwa mizima, hewa iliyofungwa kwenye pingili hupasuka kama risasi.

Kujua kavu na mbichi: gonganisha vipande viwili. Kavu inalia ko! ko! Mbichi inatoa sauti ya kufa. Kisha tazama nchani, kavu ina nyufa zinazotoka katikati kama miale ya jua. Na mti uliokufa ukiwa umesimama ni mkavu kuliko uliolala chini kwenye ukungu.

JaKisumo · saa 2:44
Sisi huku ziwani baridi tunaisikia redioni tu, hahaha. Lakini kuni nazijua. Nyanya yangu alipikia mti wa siala na mpera. Mpera mkavu ni moto wa kweli, chungu cha nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, kinachemka ukiwa bado unatafuta chumvi. Siku moja alinituma kuni nikamletea matawi ya mwembe mabichi. Jikoni hapakukalika. Alinikalisha mlangoni moshi uniingie mpaka nijifunze. Watoto wa siku hizi wanajua gesi tu, ndiyo maana hata walimu wanauliza mti ni upi.

Omundu_Bungoma · saa 2:52
Kwetu kuna mti haukatwi kuni hata kama mnakufa kwa baridi. Murembe. Wazee waliapia hapo. Una miiba shinani na maua mekundu, utaujua ukiuona. Na ukiachilia mbali mwiko, ni mti mwepesi kama boriti iliyoliwa na mchwa, hauna joto lolote.

Nyuki_Cherangani · saa 3:05
Naongeza moja. Mkichoma nyama, msichonge vijiti kutoka mti msioujua. Kuna murichu, ule wa sumu ya mishale. Majani magumu yanayong'aa, ukivunja tawi linatoa maziwa meupe, matunda yakiiva ni ya zambarau. Sumu yake inashika moyo. Bebeni vyuma vya kuchomea kutoka nyumbani. Na euphorbia mwachane nayo kabisa, ile inayosimama kama kinara cha mishumaa, maziwa yake yanachoma macho.

Nesi_Zamu · saa 3:20
Mwalimu, swali dogo. Mtu akiota moto nje, moshi ukimfuata anahama upande. Wewe kwa nini moshi unakusumbua kuliko baridi yenyewe? Huo moto utakuwa wapi?

Mwalimu_Lanet · saa 3:34
Asanteni sana, nimeandika yote. MkulimaMolo, muthanduku unauzwa hapo Elburgon au lazima niokote? Dada Nesi, moto utakuwa karibu na tunapolala.

Nesi_Zamu · saa 3:36
Karibu kivipi?

Mwalimu_Lanet · saa 3:58
Sawa, niseme. Ni ndani ya hema. Ni hema kubwa la turubai, lile la mikutano, lina madirisha mawili ya wavu. Fundi amenikatia pipa liwe jiko, nitaliweka katikati, na nimeshanunua magunia mawili ya makaa ya kuanzia. Kuni ni za kuongezea. Ndiyo maana naulizia zisizo na moshi, kwa sababu watoto watakohoa.

Nesi_Zamu · saa 3:59
Watoto gani?

Mwalimu_Lanet · saa 4:15
Watoto wa kanisani, ishirini na wawili. Wa miaka tisa hadi kumi na tatu. Kabla hamjanirukia, nisikilizeni. Mwaka jana tulilala huko bila moto. Kuna kijana mmoja alitetemeka usiku kucha, nikavua soksi zangu nikamvisha, nikamfunika koti langu, miguu yake bado ilikuwa kama mawe ya mtoni. Mama yake alinisimamisha mbele ya wazazi wote akaniuliza kama mimi nina mtoto. Sina. Siwezi kurudia usiku ule. Safari hii nimepanga: mlango tutauacha wazi kidogo, na mlezi mmoja atakesha kando ya jiko. Nimeshalipia kila kitu.

Nesi_Zamu · saa 4:29
Mwalimu, naandika hii nikiwa zamu na mikono inanitetemeka.

Moshi siyo hatari kubwa zaidi. Moshi unakusaidia, unakuwasha macho ukatoka nje. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa kaboni monoksidi kwa wingi. Haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu. Ikiingia mapafuni inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtoto anapumua vizuri kabisa huku mwili unakosa hewa. Kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakosa nguvu. Aliyelala hayasikii hayo. Haamki tu.

Mlezi wako anayekesha anavuta hewa ileile, tena yuko karibu na jiko kuliko wote. Hata yeye atasinzia. Na mlango ulioachwa wazi kidogo, saa nane ya usiku upepo ukivuma nani hataufunga?

Nilishapokea familia ya chumba kimoja, Julai, jiko lilikuwa mlangoni. Mama alikuwa amelifunika kwa jivu akaona limezima. Kitinda mimba wake alikuwa na mashavu mekundu, mazuri, kama mtoto aliyetoka kucheza. Sitasema zaidi ya hapo.

JaKisumo · saa 4:33
Pole dada. Naufuta ule utani wangu wa juu.

Shahidi_Njoro · saa 4:47
Samahani niwakatize. Mimi siamini hii habari. Akaunti ina siku tatu. Mwanzo "tunapiga kambi", kisha hema, kisha pipa, kisha watoto ishirini na wawili, kisha mama anamsimamisha mbele ya wazazi. Kila akiulizwa, hadithi inanenepa. Na mtu asiyejua mti hata mmoja amelijuaje jina la mutamaiyo? Kuna watu wanatunga mambo kama haya wapate majibu mengi halafu wanapotea. Dada Nesi, usitoe machozi yako bure.

Omundu_Bungoma · saa 4:55
Hata mimi nilishtuka hapo kwa mama. Ni kama mchezo wa redio.

Nyuki_Cherangani · saa 5:02
Mwalimu, kama ni kweli taja shamba. Wengine tunawajua watu huko.

Mwalimu_Lanet · saa 5:21
Shamba sitalitaja hapa, hao ni watoto wa watu. Mutamaiyo nilitajiwa na mzee wa hilo shamba mwaka jana, ndiye aliyetuletea kuni za kupikia.

Pipa liko hapa kibarazani, nalitazama nikiandika. Lilibeba mafuta ya kupikia, ukiingiza kichwa bado linanuka mandazi. Fundi alikata mdomo kwa tindo na upande wa kushoto ukapinda, akanipigia nyundo nikiwa nimesimama hapo, lakini mfuniko bado haukai. Miguu mitatu ni ya nondo, mmoja mfupi. Nilimlipa 1,800. Nilifurahi nalo. Nililileta nyumbani kwa boda, nimelikumbatia njia nzima kutoka mjini.

Sikujua kuhusu hiyo hewa. Nilijua moshi tu.

Shahidi_Njoro · saa 5:26
Sawa. Hilo pipa nimeliona. Nimenyamaza.

MkulimaMolo · saa 5:40
Pipa usilitupe, mwalimu. Lichome tupu mara mbili mafuta yaishe, kisha liweke nje, hatua kama kumi na tano kutoka hema, upande ambao upepo unatoka hemani kwenda motoni. Watoto waote hadi saa tatu, wanywe uji wa moto, waingie kulala wakiwa wameshapata joto. Halafu mwagieni moto maji mpaka mkono uweze kugusa jivu.

Na sasa nikwambie kilichomtesa yule kijana. Baridi yake haikutoka hewani, ilitoka chini. Turubai juu ya udongo wenye umande linanyonya joto la mwili usiku kucha, hata ungemfunika makoti matano. Tandikeni nyasi kavu, nene, kiwango cha goti, ikilaliwa itashuka. Juu yake turubai, kisha godoro au blanketi. Walale wawili wawili, kofia kichwani, soksi kavu ambazo hazikuvaliwa mchana. Sisi tulikua tukichunga kondoo huku, tulilala kwenye mabua ya ngano na tukaamka.

Nesi_Zamu · saa 5:44
Na yale magunia ya makaa, mwalimu?

Mwalimu_Lanet · saa 5:52
Nimeyatoa chumbani sasa hivi. Nitampa mama jirani anayechoma mahindi, yeye hupikia nje.

Mwalimu_Lanet · saa 5:53
MkulimaMolo, robota la nyasi ni pesa ngapi huko kwenu?

MkulimaMolo · saa 6:01
Usiniulize pesa usiku huu. Ghalani nina marobota kama thelathini. Unahitaji mangapi?

Mwalimu_Lanet · saa 6:02
Ishirini na mawili. Na moja la mlezi.