Nimeanguka, nimeungama, ila bado siwezi kuinua uso

Anaetafuta:
Bwana asifiwe wapendwa. Naombeni mnisaidie maana usingizi umenikimbia, hii wiki ya tatu. Nilikua mweka hazina wa kwaya, nikachukua hela ya kwaya nikaitumbukiza kwenye biashara yangu nikijua mwisho wa mwezi narudisha, biashara ikafa na hela ikaenda nayo. Hakuna alienikamata, nilienda mwenyewe kwa mwalimu wa kwaya nikasema, nikavuliwa nafasi na nilistahili kabisa. Shida ni kwamba nimetubu sijui mara ngapi, kila nikipiga magoti naanza upya kuungama kosa lile lile kama vile jana Mungu hakunisikia. Jumapili nafika hadi mlangoni, nasikia wanaimba, nageuza. Aliewahi kuanguka hivi akasimama, alifanyaje? Na msiniambie tu Mungu ni mwema, najua ni mwema, ndo maana inaniuma.

Mama Maombi:
Pole sana mwanangu. Kasome Yohana 18 alafu ruka hadi 21, usome kwa mkupuo mmoja. Petro alimkana Bwana usiku ule Yesu alipokamatwa, akiwa anaota moto wa makaa, iko mstari wa 18. Sasa nenda 21:9, wanashuka pwani wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake na mkate, na alieuandaa ni Yesu. Nimesoma Biblia miaka mingi sijawahi kuona kwamba ni moto wa aina ile ile! Hebu mwone Petro pale, nguo zinachuruzika maji maana alijitupa baharini, anasikia harufu ya makaa, usiku ule wote unamrudia. Na Yesu hamuulizi kitu mpaka wamekula kwanza. Ndo anamuuliza wanipenda, mara tatu, sawa na alivyomkana, hadi Petro akahuzunika, kwahiyo jambo halikufunikwa. Ila hakuulizwa kwanini ulinikana. Aliambiwa lisha kondoo zangu. Wewe unaungama kila siku kitu ambacho Yeye ameshamaliza, anakusubiri ule.

Fundi75:
Amina mama. Simpingi mama ila naongezea, Petro hakua na deni la hela, ndugu yetu analo. Zakayo yule mtoza ushuru alisimama akasema aliemdhulumu anamrudishia mara nne, na Hesabu 5:7 inasema uungame, urudishe kamili, na uongeze sehemu ya tano juu yake. Mi nilikula hela ya ukoo tuliochangishana, nikalia kanisani miezi bila amani. Amani ilianza siku nilipofungua daftari nikaandika kiasi cha kwanza nilicholipa, kidogo mno, mkono unatetemeka, mjomba akasaini pembeni. Kaa na viongozi, semeni utalipa kiasi gani na lini.

Neema tu:
Wiki tatu bila kulala ni hatari. Nabii Eliya alikaa chini ya mti wa mretemu akaomba afe, malaika hakumhubiria, alimwamsha ale, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili (1 Wafalme 19). Kula ndugu, lala. Na kama mawazo ya kutaka kufa yanakujia, usisubiri kesho, mwambie mtu wa karibu leo leo na umuone daktari.

Mwanakondoo:
Fundi75 uko sahihi, kurudisha ni lazima. Lakini Yuda nae alirudisha, vipande vyote 30 vya fedha alivyolipwa amsaliti Yesu, akakiri kabisa kwamba nimekosa. Ila alienda kuwaambia makuhani waliomjibu yatupasani sisi, akatoka peke yake. Petro kwenye Yohana 21 yuko na wenzake sita kwenye mashua moja, hawajamfukuza na yeye hajawakimbia. Ndo maana huo mlango unaogeuza kila Jumapili unanitisha kuliko hiyo hela.

Anaetafuta:
Nimelia kwa huo moto wa makaa, mama. Mwanakondoo umenigusa penyewe. Nimemwandikia mwalimu wa kwaya kiasi ninachoweza kurudisha kila mwezi, nilikaa na simu mkononi karibu saa nzima kabla ya kutuma. Amejibu nije mazoezi ya Jumamosi hata kama siimbi. Nitakaa benchi la nyuma. Fundi75, daftari nimeshanunua.