Laini ya siri ya kampuni: nini hasa humfichua mtoa taarifa?

kalamu_nyekundu

Habari zenu wakuu. Swali kwa wanaoijua kazi hii kwa undani.

Kampuni imebandika bango: "Toa taarifa kwa siri, saa 24." Kuna namba ya simu ya bure na tovuti, vyote vinaendeshwa na kampuni ya nje. Suala lenyewe ni la manunuzi. Msimamizi anaruhusiwa kuidhinisha peke yake malipo yasiyofika 10,000. Mzabuni mmoja ameleta ankara za 9,800, 9,750 na 9,900 ndani ya siku sita, kwa kazi inayoonekana wazi kuwa ni moja. Ankara hizo hupita kwa makarani watatu tu kabla ya kulipwa.

Ukiripoti jambo la namna hii, unaandika nini na unaacha nini? Simu au tovuti, ipi salama zaidi? Na ushahidi unaupelekaje bila kujianika?

---

daftari_la_ukaguzi

Mkuu, tenganisha kwanza maneno mawili ambayo mabango mengi huyachanganya. "Kwa siri" maana yake kuna mtu anayelijua jina lako na ameahidi kutolitoa. "Bila jina" maana yake hakuna anayelijua. Bango lililosema "siri" halijaahidi "bila jina". Fungua sera yenyewe, tafuta sehemu inayosema nani hupokea ripoti ikishatoka kwa ile kampuni ya nje: kamati ya ukaguzi ya bodi, mkuu wa ukaguzi wa ndani, au rasilimali watu. Fomu nyingi huuliza kama kuna mtu wa kitengo kinachopokea ripoti anayehusika na tuhuma. Usiliruke swali hilo. Ukimtaja, mfumo uliopangwa vizuri humwondoa kwenye orodha ya wanaoweza kuisoma ripoti.

Sasa, kinachomfichua mtu mara nyingi si simu wala tovuti. Ni sentensi aliyoandika mwenyewe. Tazama hii:

"Tarehe 14 nikiwa nafungua mafaili nilimsikia msimamizi akimwambia mzabuni agawe ankara."

Hapo msimamizi hahitaji mpelelezi. Atajiuliza tu nani alikuwa chumbani tarehe 14. Linganisha na hii:

"Ankara tatu za mzabuni huyu zililipwa ndani ya siku sita. Kila moja iko chini ya 10,000, jumla ni 29,450, na maelezo ya kazi yanafanana neno kwa neno. Naomba mvute malipo yote ya kati ya 9,000 na 10,000 kwa miezi 12, kwa idara zote."

Hayo maneno "idara zote" ndiyo yenye kazi kubwa. Mkaguzi akivuta orodha ya kampuni nzima, inaonekana ni ukaguzi wa kawaida. Akiomba faili la mzabuni mmoja katika idara moja, jengo zima linajua kuna mtu amesema. Nyongeza hiyo unaweza kuiomba waziwazi ndani ya ripoti: "nashauri hili lichunguzwe kama sehemu ya ukaguzi wa malipo kwa ujumla."

Halafu kuna mtego wa swali la "nani mwingine anafahamu?" Wapo makarani watatu. Ukiwataja wawili kuwa mashahidi, hesabu imekutaja wewe. Ama uwataje wote watatu kama "makarani wanaopokea ankara", na wewe ukiwemo, ama usimtaje yeyote.

La mwisho kwangu: ulichokiona, ulichosikia na unachokishuku viandike mbalimbali. Huhitaji kuthibitisha wizi, hiyo ni kazi ya mchunguzi. Unachohitaji ni sababu za msingi za kuamini unachokisema.

---

waya_mweupe

Naongezea upande wa vifaa, maana hapo watu hujikwaa bure.

Usitumie kompyuta ya kazini, simu ya kazini wala waifai ya kazini, hata kama unatumia simu yako binafsi. Tovuti yenye kufuli kwenye anwani huficha ulichoandika, lakini jina la tovuti uliyoitembelea hubaki kwenye kumbukumbu za mtandao. Karani mmoja kati ya watatu kufungua tovuti ya laini ya siri saa 7 mchana ni taarifa tosha. Vivyo hivyo kompyuta ya kazini ikiwa nyumbani: ikiunganishwa kupitia VPN ya kampuni, ni kama uko ofisini. Simu ya mezani nayo huacha namba iliyopigwa kwenye mtambo wa simu wa kampuni.

Kuhusu mafaili: Word na Excel huhifadhi jina la mwandishi ndani ya faili. Picha ya simu hubeba muda, aina ya simu na, kama hukuzima, mahali ilipopigwa. Picha ya skrini huweza kuonyesha jina lako la kuingilia pembeni. Karatasi pia si salama kama watu wanavyodhani, kwani printa nyingi za leza za rangi huchapa vidoti vidogo vya manjano visivyoonekana kwa macho, vyenye namba ya mashine na tarehe. Baadhi ya tovuti za kuripoti husafisha mafaili zenyewe. Usitegemee hilo.

Ushauri wangu ni mfupi: usichukue nyaraka, elekeza zilipo. "Ankara namba fulani hadi fulani, kwenye mfumo wa malipo, mwezi fulani" inamtosha mkaguzi mwenye ruhusa ya kuingia humo. Ukifungua mafaili ambayo kwa kawaida huyafungui, mfumo unaandika. Ukiyatuma kwenye barua pepe yako binafsi, umewapa sababu ya kukuadhibu kwa kosa la kutoa siri za kampuni, na kesi ya ankara inageuka kuwa kesi yako.

---

kalamu_nyekundu

Asanteni sana. Hilo la hesabu ya makarani sikuliwaza kabisa. Nikishatuma, je? Ninasubiri tu? Na simu mmeiacha.

---

saa_ya_ukutani

Simu: upande wa pili kuna mtu anayechapa unachosema. Kabla ya kuanza, muulize mambo mawili: mazungumzo yanarekodiwa? Namba ya mpigaji inaonekana kwenye mfumo wao? Ukimaliza, mwombe akusomee alichoandika, kisha ukate yale yanayokutambulisha. Mwambie pia asiandike "mpigaji ni mwanamke" au "ana lafudhi ya sehemu fulani". Kiswahili kinakusaidia, kwa kuwa "yeye" haina jinsia, lakini ripoti ikitafsiriwa kwa Kiingereza mtafsiri anaweza kuchagua jinsia bila hata kufikiri, na kati ya makarani watatu jinsia inaweza kukubakisha peke yako. Kwa hiyo sema mapema: "jinsia ya mtoa taarifa isitajwe." Kwa maoni yangu tovuti ni bora, kwa sababu unaisoma ripoti yako mara tatu kabla ya kuituma. Ukiandika, acha misemo yako ya kila siku. Kama ofisini wanakujua kwa "kimsingi" na "kiukweli", visionekane humo.

Ukituma utapewa namba ya ripoti na nenosiri, au utaambiwa uunde lako. Hivyo viwili ndivyo ufunguo pekee. Ukivipoteza, mara nyingi haviwezi kurudishwa, kwa sababu mfumo haujui wewe ni nani wa kumrudishia. Andika kwenye karatasi, iache nyumbani.

Na hapa ndipo ripoti nyingi zisizo na jina hufia: mchunguzi anauliza swali moja ndani ya mfumo, hapati jibu, anafunga. Ingia tena baada ya siku chache, kisha kila wiki. Kipimo kizuri cha muda ni Maelekezo ya Umoja wa Ulaya namba 2019/1937: kukiri kupokea ripoti ndani ya siku 7, na mrejesho ndani ya miezi 3. Kampuni yako huenda haibanwi na sheria hiyo, lakini ukikaa wiki tatu bila hata neno la "tumepokea", una haki ya kuuliza. Usitarajie kuambiwa fulani amefukuzwa. Mrejesho wa kawaida ni "hatua zimechukuliwa", nao hukera, ila unamlinda hata aliyetuhumiwa.

Wanaosema laini hizi ni mapambo waangalie ripoti ya mwaka 2024 ya ACFE, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa udanganyifu: 43% ya visa walivyovichambua viligunduliwa kwa taarifa za watu, na zaidi ya nusu ya taarifa hizo zilitoka kwa wafanyakazi.

---

mizani

Natofautiana kidogo na waliotangulia. Kujificha kabisa kuna bei yake. Ukihamishwa au kunyimwa mkataba baadaye, utatakiwa kuonyesha kwamba ni kisasi. Mwajiri atajibu, "tungelipizaje kisasi kwa mtu tusiyemjua?" Kampuni nyingine za nje hutoa njia ya kati: jina anabaki nalo mpokeaji wa nje, mwajiri halipati bila ridhaa yako. Kama ipo, mimi ningeichagua. Hata usipoichagua, weka nyumbani kumbukumbu ya tarehe na saa uliyoripoti, pamoja na nakala yako ya tathmini ya utendaji ya karibuni, ile unayoruhusiwa kuwa nayo. Alama zikiporomoka ghafla baada ya hapo, una cha kulinganisha.

Msidhani wakubwa hawajaribu kumsaka mtu. Mwaka 2018 Jes Staley, aliyekuwa mtendaji mkuu wa benki ya Barclays, alipigwa faini ya paundi 642,430 na wasimamizi wa sekta ya fedha wa Uingereza kwa kujaribu kumjua aliyeandika barua isiyo na jina. Faini ilikuja, ndiyo, lakini jaribio lilitangulia.

---

kalamu_nyekundu

Nimeelewa. Limebaki moja. Wakati uchunguzi unaendelea, ankara nyingine ya 9,850 ikija mezani, karani aliyeripoti afanye nini? Akikataa kuipokea, amejitangaza. Akiipitisha, si ameshiriki?

---

daftari_la_ukaguzi

Swali zuri, na lisijibiwe kwa kubuni. Aingie kwenye mfumo kwa ile namba ya ripoti na aandike: "Ankara nyingine ya aina hiyo imefika tarehe fulani. Makarani waendelee vipi?" Aandike "makarani", asiandike "mimi". Jibu la mchunguzi litabaki kwenye kumbukumbu, na mara nyingi huwa ni kuendelea na utaratibu wa kawaida ili mtu asishtuke. Wakati anasubiri, afanye kazi yake ya kila siku tu: kugonga muhuri wa kupokea, kuandika tarehe, kuambatanisha hati ya agizo kama ipo. Kupokea karatasi si kuthibitisha kwamba kazi imefanyika. Ila akiombwa kusaini kwamba kazi imekamilika ilhali hajaiona, asisaini, na sababu aitoe ile ile ambayo karani yeyote angeitoa siku yoyote: "hati ya kupokea kazi haijaambatanishwa."